Shajara ya mradi: kutafuta sauti safi yenye joto kwenye amplifaya ya valvu

Jumamosi. Ninachotafuta

Nataka sauti moja ya gitaa la umeme, safi na yenye joto, ambayo nitaitegemea kila ninapochomeka waya. Kwa usafi namaanisha hivi: nikicharaza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi zote sita, kila uzi usikike wenyewe na sauti isipasuke. Kwa joto namaanisha uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, usichome masikio, na uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, usivume hadi ukawafunika wenzake. Sauti hiyo itamsindikiza mwimbaji, huku kukiwa na gitaa la besi na ngoma, kwa hiyo haitoshi ipendeze nikiwa peke yangu chumbani.

Vifaa ni hivi. Gitaa lina pikapu (vinasa vya sumaku na koili vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) tatu za koili moja, na nitatumia zaidi ile ya upande wa shingo. Kebo ziko mbili, moja ya mita 3 na nyingine ya mita 6. Amplifaya ni ya valvu (mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme), wati zipatazo 40, spika moja ya inchi 12, na saketi yake ya toni ni ya ule mtindo wa kampuni ya Fender wa miaka ya 1960: nobu ya trebo (sauti za juu), ya midi (za kati) na ya besi (za chini), swichi ya kung'arisha sauti, na rivabu (mwangwi) ya springi.

Naanza na dhana moja ambayo mradi huu utaipima. Wapigaji wengi wakitaka joto hukimbilia nobu ya besi. Mimi nadhani joto limekaa juu zaidi ya hapo, kwenye masafa ya kati ya chini, na besi ikizidi ndiyo inayolizika.

Kanuni nimejiwekea mbili. Nabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Na kila ninapolinganisha hali mbili, nazisawazisha kwanza ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, kwa sababu sikio hupenda iliyo kubwa zaidi hata kama tofauti ni ndogo mno. Bila kanuni hiyo ya pili kila badiliko linaloongeza nguvu litaonekana maendeleo.

Jumapili. Nobu tatu na bonde lililojificha

Nimeanza na nobu zote kwenye 5. Wengi huanzia hapo wakiamini ni katikati, mahali pasipoongeza wala kupunguza kitu. Kwa saketi hii sivyo. Nobu zake haziongezi chochote, zote hupunguza, kila moja kwa upande wake. Mwenye amplifaya ya namna hii anaweza kuthibitisha haraka: ashushe trebo, midi na besi zote hadi 0. Sauti itazimika karibu kabisa ingawa volumu haijaguswa.

Zote zikiwa 5, saketi huchimba bonde katika masafa ya kati, na kitovu cha bonde hilo kiko karibu na Hz 400 (mitikisiko 400 kwa sekunde). Sasa tazama ni nini kinachoishi hapo. Uzi wa kwanza ukiachwa wazi unatoa Hz 329.6. Ukibanwa freti (kipande cha chuma kilichokatiza shingo ya gitaa) ya 3 unatoa Hz 392, na freti ya 5 unatoa Hz 440. Hapo ndipo melodi nyingi zinapochezwa, na noti zote hizo zimetumbukia bondeni. Kinachobaki kusikika ni mlio wa juu wa kugonga uzi, pamoja na mvumo wa nyuzi nene. Mwili wa noti umeondoka. Mtu akisikia hivyo husema sauti haina joto, anaongeza besi, na bonde linabaki palepale na kilima kirefu zaidi pembeni yake.

Kwa hiyo nimeenda kinyume. Saketi hii hukaribia mstari ulionyooka pale midi inapokuwa 10 huku trebo na besi zikiwa karibu na 0. Nimeanzia hapo, sauti ikiwa butu lakini imejaa, kisha nikaongeza trebo kidogo kidogo hadi nikasikia plektra (kibati kidogo cha kupigia nyuzi) ikigusa uzi, nikaacha. Halafu besi, hadi uzi wa sita ukawa na uzito bila kuvuma. Nobu hizi zinategemeana, ukigusa trebo midi nayo inabadilika, hivyo nimezizungukia mara kadhaa. Nimetua kwenye trebo 4, midi 8, besi 3.

Tofauti ni kubwa. Kodi ndogo ya saba kwenye nyuzi za katikati sasa inatoka ikiwa mviringo, kila noti ina tumbo. Nimeicharaza tena na tena kwa raha tu.

Jumatatu usiku

Swichi ya kung'arisha: imezimwa, na itabaki hivyo. Ndani yake kuna kapasita ndogo (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme) inayoyapitisha masafa ya juu kando ya nobu ya volumu. Volumu ikiwa chini, njia hiyo ya mkato inapeleka trebo nyingi mbele huku masafa mengine yakizuiwa. Volumu ikipanda tofauti inapungua, na ikifika 10 swichi haina kazi tena. Ndiyo maana amplifaya za mtindo huu huonekana kali zikichezwa kwa sauti ya chini, kisha zikalainika zikifunguliwa. Baadhi ya modeli zina kapasita hiyo bila swichi, na mwenye nayo asishangae kuona volumu 2 inachoma zaidi kuliko volumu 5.

Jumatano. Gitaa lenyewe

Leo sijagusa amplifaya. Ninaamini sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla umeme haujafika huko, na kazi ya leo imenionyesha hivyo.

Kwanza urefu wa pikapu. Nimebana uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, nikasimamisha rula ndogo kati ya tumbo la uzi na kichwa cha sumaku: milimita 1.5 hivi. Ni karibu mno. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, mwongozo wa Fender ni milimita 2.4 upande wa uzi wa sita na milimita 2 upande wa uzi wa kwanza. Sumaku ikikaa karibu kupita kiasi huuvuta uzi na kuuharibia mtikisiko wake. Dalili yake inasikika ukipanda juu ya shingo kwenye uzi wa sita: noti moja inatoa kama milio miwili inayogombana, na hakuna kiasi cha kukaza nyuzi kitakachoitibu.

Nimechukua bisibisi nikaizungusha skrubu ya upande wa uzi wa sita nusu mzunguko, nikapiga noti freti ya 15, nikasikiliza, nikazungusha tena. Ule ugomvi ulipungua taratibu, ukaisha. Sikuishia kwenye namba ya mwongozo, nilishuka hadi kama milimita 3, na upande wa uzi wa kwanza milimita 2.5. Sauti imepungua nguvu, jambo ninalofidia kwa volumu ya amplifaya, lakini kile kishindo cha mwanzo wa noti kimelainika na nafasi ya usafi imeongezeka kwa kuwa valvu ya kwanza haipigwi kwa nguvu ileile. Badiliko hili halijagharimu kitu, na kama ningelazimika kuchagua moja tu katika mradi mzima ningechagua hili.

Pili, nobu ya toni na kebo, ambavyo havitenganishiki. Koili ya pikapu ina induktansi (tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo), na kebo ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji), kwa kawaida takribani pikofaradi 100 kwa kila mita. Viwili hivyo vikikutana hutengeneza kilima, yaani sehemu inayosikika kwa nguvu zaidi, katika masafa fulani, na baada ya kilima hicho sauti huporomoka. Pikapu kama hii yangu ina takribani henri 2.4. Kwa kebo ya mita 3, ukijumlisha na kapasitansi ndogo ya pikapu yenyewe, kilima kinaangukia karibu na Hz 5,100. Kwa kebo ya mita 6 kinashuka hadi karibu na Hz 3,900.

Wapigaji husema kebo ndefu huleta joto. Kwa gitaa hili sikubaliani nao. Spika ya gitaa yenyewe huanza kuporomoka kuanzia kama Hz 5,000, hivyo kilima cha kebo fupi kinamezwa na spika kabla hakijanifikia. Kilima cha kebo ndefu kimehamia pale ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko kwingine kote, kati ya Hz 3,000 na 4,000. Ni kweli mng'ao wa juu kabisa umepungua, lakini ukali umesogea karibu zaidi nami. Nimebaki na kebo ya mita 3.

Kisha nobu ya toni ikafanya kilichobaki. Ikitoka 10 kuja 6 haifanyi sana kazi ya kukata trebo. Inachofanya ni kukisawazisha kile kilima, sauti ikabaki na uwazi wake bila ule mchomo. Ukiendelea kushuka hadi 0 jambo jingine linatokea: kapasita ya toni, yangu ikiwa ya mikrofaradi 0.022, inaungana na koili moja kwa moja na kutengeneza kilima kipya chini kabisa, karibu na Hz 700. Ndiyo ile sauti ya puani inayosikika nobu ikifungwa yote. Ina matumizi yake mazuri kwenye solo, lakini kwa kodi inabana. Kati ya 5 na 7 ndipo penye utamu, na mpigaji anayeiacha nobu hii kwenye 10 maisha yake yote ananyimwa nusu ya gitaa lake.

Nikiwa hapo nimeelewa pia kwa nini wapigaji wa jazi walivutwa na hambaka, pikapu ya koili mbili ambayo Seth Lover aliibuni akiwa kampuni ya gitaa ya Gibson mwaka 1955. Induktansi yake ni kubwa zaidi, henri 4 na zaidi kwa nyingi, hivyo kilima chake kipo chini tangu mwanzo, na masafa ya juu yanaporomoka mapema. Hambaka huja na joto lake. Koili moja lazima ulitafute, lakini ukilipata linabaki na uwazi ambao mimi naupenda zaidi.

Volumu ya gitaa nimeiweka 8. Ikishuka kidogo trebo nayo inapungua kwa sababu ya kebo hiyohiyo, na mkononi ninabaki na akiba ya kupandisha sehemu ya melodi.

Alhamisi. Mkono

Plektra nyembamba imekwenda zake. Ya milimita 1.5 yenye ncha ya mviringo inatoa mwanzo mnene wa noti, na ukiilaza kidogo kidogo ukali unapotea. Kidole gumba kinatoa zaidi ya hapo: Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi, alicharaza kwa gumba, na joto lake linaanzia kwenye nyama ya kidole. Natumia gumba kwa nyimbo za polepole tu, kwa kuwa kasi yangu ya gumba haitoshi kwa nyimbo nyingine.

Mahali pa kupiga pana uzito kuliko plektra yenyewe. Uzi ukipigwa karibu na daraja hutoa harmoniki (milio midogo inayoandamana na noti) nyingi za juu. Ukipigwa katikati ya urefu wake, harmoniki za namba shufwa hazipati nguvu na mlio unakuwa wa mviringo, karibu na filimbi. Napiga pale shingo inapoishia.

Jumamosi. Kupandisha sauti

Leo nilikuwa na nafasi ya kufungua volumu bila kumsumbua mtu. Mipangilio iliyokuwa mizuri kwa sauti ya chini ikawa na besi nyingi mno. Jambo hili lina maelezo ya kale: Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell Labs, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo besi inavyokaribia kulingana na masafa mengine. Anayepanga toni usiku kwa sauti ya kunong'ona anaongeza besi asiyoihitaji jukwaani. Besi imeshuka kutoka 3 hadi 2. Nimeandika mistari miwili tofauti kwenye daftari, mmoja wa chumbani na mmoja wa jukwaani, na sitajaribu tena kuiunganisha.

Halafu nafasi ya amplifaya. Ilikuwa kwenye kona, sakafuni. Kila ukuta ulio karibu huongeza masafa ya chini, na kona ina kuta mbili pamoja na sakafu. Nimeitoa kwenye kona na kuinua juu ya kiti imara, mvumo ukatulia papo hapo, hata besi nikairudisha nusu hatua.

Kuinua kuna faida ya pili. Spika ya inchi 12 hutawanya masafa ya chini pande zote, lakini masafa ya juu huyarusha mbele kwa mstari mwembamba. Amplifaya ikikaa sakafuni, mstari huo unapita magotini, mpigaji anasikia sauti butu, anaongeza trebo, na mtu aliyeketi mbele yake ndiye anayechomwa. Nimeiinamisha kwa nyuma ili spika inielekee usoni, nikashtuka jinsi trebo 4 ilivyokuwa kali. Sasa ni 3. Hili ningependa kila mpigaji alijaribu kabla hajanunua pedali (kifaa cha kukanyaga cha kubadilisha sauti) yoyote.

Jumapili. Mazoezi na wenzangu

Hapa ndipo dhana ilipopimwa kweli. Gitaa la besi linaanzia Hz 41, na mwili wake wote umekaa chini ya Hz 200 pamoja na ngoma kubwa. Mpiga besi wetu alinisikiliza kodi chache akaniambia, "Kaka, huku chini mwachie mwenye nyumba yake." Besi ikashuka hadi 1.5. Nikiwa peke yangu, sauti hiyo ningeiita nyembamba. Ndani ya bendi ilikuwa na joto lilelile nililolitafuta, kwa sababu uzito wa chini sasa aliubeba yeye, na mimi nikabaki kwenye yale masafa ya Hz 200 hadi 500 ambayo midi ya 8 inayalinda.

Nobu hazikumaliza kila kitu. Kodi zenye noti zilizosongamana kwenye uzi wa sita na wa tano hufanya matope kwa mpangilio wowote, maana noti mbili zilizo karibu huku chini zinagombana. Nimeziacha nyuzi hizo mbili karibu kabisa nikacheza kodi za noti tatu kwenye nyuzi za katikati. Mwimbaji wetu aligeuka mwenyewe, bila kuulizwa, akasema sasa anasikia maneno yake.

Rivabu 2.5. Juu ya hapo noti za kodi moja zinaingia ndani ya kodi inayofuata. Kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) nimeijaribu kwa uwiano wa 2 kwa 1 nikaitoa. Inasawazisha vizuri, lakini inameza ile tofauti ya kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu, na kwa mwimbaji tofauti hiyo ninaihitaji.

Jumanne. Valvu ya kwanza

Sauti ilikuwa bado inapasuka kidogo nikipiga kwa nguvu. Valvu ya kwanza ni 12AX7, ambayo kipimo chake cha ukuzaji ni 100. Nimeweka 5751, ambayo ni 70 na inaingia tundu lilelile bila kubadilisha kitu kingine. Kuna pia 12AY7, takribani 45, niliyoijaribu ikanipa usafi mwingi lakini uhai ukapungua. 5751 imebaki. Volumu imepanda kutoka 4 hadi 5 kwa ukubwa uleule wa sauti, na nobu ina nafasi ndefu zaidi ya kugeuzwa polepole.

Njia ya bure ipo kwa anayemiliki amplifaya za mtindo huu zenye jeki mbili za kuingizia. Jeki ya pili hupunguza mawimbi kwa desibeli 6, na upinzani wake ni mdogo sana kuliko ule wa megaohmu 1 wa jeki ya kwanza, hivyo pia husawazisha kile kilima cha pikapu. Niliijaribu kabla ya 5751. Kwa hambaka yenye nguvu ningeishia hapo.

Neno la usalama, na nalisema kwa dhati. Valvu hubadilishwa amplifaya ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa. Kufungua chasisi ni jambo jingine kabisa: kapasita za ndani hushikilia volti mia kadhaa hata baada ya kuchomolewa, na zinaua. Kazi ya humo ndani mwachie fundi.

Jumamosi. Maikrofoni

Nimerekodi kwa maikrofoni ya Shure SM57. Ikilenga katikati ya spika, sauti ni kali. Nimeisogeza hadi ukingo wa kile kifuniko cha katikati, umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye kitambaa, na rekodi ikakaribia ninachosikia. Ikikaribia zaidi besi inaongezeka yenyewe. Baadaye kwenye kompyuta nimekata kila kilicho chini ya Hz 90, na hakuna aliyeona kitu kimepungua.

Hali ilivyo leo

Jukwaani: pikapu ya shingo, volumu ya gitaa 8, toni 6, kebo ya mita 3, swichi ya kung'arisha imezimwa, volumu 5, trebo 3, midi 8, besi 1.5, rivabu 2.5, amplifaya juu ya kiti ikiwa imeinamishwa nyuma. Chumbani: volumu 2, trebo 4, midi 8, besi 3, rivabu 2.

Kinachobaki ni nyuzi. Zilizopo ni za chuma kilichopakwa nikeli, seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi). Nitaweka kwanza za nikeli tupu, seti ya 11, kisha za bapa (zilizozungushiwa waya bapa), na nitapima upya urefu wa pikapu kila mara kwa kuwa uzi mnene husogelea sumaku. Nadhani toni itarudi 7 au 8 pindi nyuzi bapa zitakapowekwa, na kama ni hivyo trebo nayo nitaiangalia tena.